Kisichoandikwa Katika Pishi: Mhadhara kwa Wapishi wa Rwamgasa

  

Nimekuja kuzungumza juu ya kupika nyumbani kwa kufuata mapishi tunayoyapenda: yale tunayoyaona kwenye simu, tukayapiga picha ya skrini bando lisije likaisha, kisha tukayajaribu jikoni kwetu. Yupo atakayesema hilo ni jambo dogo kwa watu wa machimbo ya dhahabu ya hapa Rwamgasa, Geita, wenye hesabu za maduara ya kuchimbia, kalasha za kusagia mawe na bei ya gramu. Mimi sioni hivyo. Hakuna anayeshuka duarani bila kula, na mtoto anayezaliwa hapa hujengwa kwanza na kinachotoka jikoni kwa mama yake.

Hoja yangu ni moja. Kila pishi lililoandikwa limeacha kitu. Mwandishi huandika anachodhani msomaji hakijui, na huacha anachodhani kila mtu anakijua. Anaandika "oka kwa dakika 40" kwa sababu kwake kila nyumba ina oveni. Anaandika "chemsha mpaka yaive" kwa sababu anayajua maji yake na moto wake. Mpishi wa Rwamgasa anayependa mapishi ya mbali ana kazi ya kujaza kilichoachwa. Pia ana kazi ya pili, ambayo kwangu mimi ni kubwa kuliko ya kwanza: kuyaandika mapishi ya huku, pamoja na yale ambayo bibi zetu hawakuona haja ya kuyasema.

Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo wengi wanapokwama na kudhani hawana mkono wa kupika.

Zamani hata Ulaya na Marekani mapishi yalikuwa ya kukadiria: siagi ya ukubwa wa yai, unga wa kutosha, moto wa wastani. Aliyekuwa hajui kupika hakufundishwa chochote na maneno kama hayo. Mwaka 1896 mwalimu mmoja wa upishi mjini Boston, Fannie Farmer, alichapisha kitabu cha mapishi cha shule yake akasisitiza kwamba kikombe na kijiko vijazwe, kisha visawazishwe juu kwa kisu. Kikombe hicho ndicho ambacho mpaka leo unakutana nacho katika mapishi ya Kimarekani, nacho ni takribani mililita 240. Kijiko cha chakula ni mililita 15, cha chai ni 5. Ukikutana na aunsi, moja ni kama gramu 28. Ukikutana na nyuzi 350 za oveni, usishtuke: hizo ni Farenhaiti, sawa na kama nyuzi 177 za Selsiasi tulizozizoea.

Sasa angalia vikombe vya nyumbani kwako. Kipo cha bati, kipo cha plastiki, kipo cha udongo alichopewa mtu kwenye harusi, na hakuna kinacholingana na mwenzake. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze, umimine kwenye kikombe chako. Kikombe kikijaa na chupa ikabaki nusu, una mililita 250, na hicho kinakutosha kwa pishi lolote. Kitie alama, kiweke kiwe cha kupimia tu. Wengine watasema kikombe chochote kinafaa mradi utumie hichohicho kwa kila kitu. Ni kweli kwa wali na kwa uji. Kwa keki si kweli, kwa sababu mayai hayapimwi kwa kikombe. Pishi linalotaka mayai 3 na vikombe 2 vya unga, ukitumia kikombe kikubwa cha nusu lita, unga utakuwa mara mbili na mayai yatabaki 3 yaleyale. Keki itatoka ngumu, nawe utailaumu hamira.

Sokoni nako kuna kipimo chake. Sisi tunanunua kwa sado, kwa debe, kwa fungu. Fungu la nyanya la wakati wa mavuno si fungu la kiangazi. Bei ikipanda, fungu ndilo linalopungua. Kwa hiyo pishi likisema gramu 400 za nyanya, usihesabu mafungu, hesabu nyanya. Nyanya ya wastani ina kama gramu 100, basi chukua 4. Mambo haya ni madogo, lakini ndiyo yanayomfanya msichana ajaribu mara ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna mwandishi wa pwani atakayekuandikia, kwa sababu yeye halioni. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu ya ziwa. Kadiri unavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Dar es Salaam na Unguja maji huchemka kwa nyuzi 100. Huku kwetu huchemka kwa kama nyuzi 96, na hata ukiongeza kuni, hayapandi zaidi, yanaisha tu. Ndiyo maana pishi la Unguja linalosema maharage yataiva kwa saa moja na nusu litakudanganya bila kukusudia. Ukifika huo muda nayo bado yanagonga meno, tatizo si maharage wala mkono wako. Yaloweke tangu usiku, yape muda zaidi, na ufunike sufuria vizuri. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo haiondoki mpaka yachemke kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10, na kwa mwinuko wetu ni heri uongeze. Yakishachemka hivyo, unaweza kuokoa mkaa: funika sufuria, ifunge kwa blanketi ndani ya kapu, iache saa kadhaa imalizie kuivisha kwa joto lake yenyewe. Usianze na blanketi. Moto mdogo peke yake hauiondoi ile sumu.

Wali nao uangaliwe. Mapishi mengi yanakupa kikombe 1 cha mchele kwa 2 vya maji, kwa kuwa yanazungumzia mchele uliokaa ghalani muda mrefu. Mchele mpya wa Kahama, au wa majaruba ya Geita uliokobolewa juzi, hunywa maji kidogo. Ukiupa vikombe 2 utakula bokoboko. Anza na kikombe 1 na nusu, uonje.

Nifike kwenye kuoka, maana vijana ndilo wanaloulizia sana. Keki ya siku ya kuzaliwa imeshaingia kila kijiji, na si vibaya. Oveni si lazima. Weka sufuria kubwa jikoni, tandaza mchanga mkavu chini kimo cha vidole viwili, weka vijiwe vitatu, juu yake sufuria ndogo yenye mchanganyiko wako iliyopakwa mafuta na unga. Funika ile kubwa kwa mfuniko bapa wa chuma. Hapa ndipo penye siri ambayo wanaooka kwa mkaa wanaijua na wanaoandika hawaisemi: makaa mengi yakae juu ya mfuniko, machache chini. Joto la chini linaunguza kitako kabla kati hapajaiva. La juu ndilo linaloumua na kupaka rangi. Usifunue kila mara. Ikishaanza kunukia vizuri, choma kati kwa kijiti kisafi; kikitoka kikavu, ondoa makaa ya juu uiache itulie.

Kijiti kisafi, sufuria safi. Hapa sina budi kusimama, nanyi mnajua kwa nini.

Hakuna pishi duniani linaloanza kwa kusema: hakikisha sufuria hii haijawahi kuchomewa dhahabu. Mwandishi wa Boston, wa Nairobi, wa Unguja, hawezi kuliwaza hilo. Kwetu sisi ndiyo hatua ya kwanza. Dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki mwaloni, panapooshewa mchanga wa dhahabu, hukamuliwa kwenye kitambaa, kisha lile donge huchomwa ili zebaki iondoke ibaki dhahabu. Wapo wanaolichomea nyumbani, usiku, kwa kuogopa wezi, kwenye jiko lilelile la mkaa ambalo asubuhi litabandikwa uji wa mtoto. Kikaango kilichochoma donge kinaoshwa na kurudi kazini.

Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, lakini hutoa mvuke hata ikiwa imekaa tu chumbani. Mvuke huo hauna harufu na hauonekani. Ukivutwa, unapita mapafuni kwenda kwenye damu, unafika kwenye ubongo, na kwa mama mjamzito unamfikia mtoto tumboni. Usiovutwa unapoa na kutua: kwenye ukuta, kwenye paa, kwenye chungu kilichoachwa wazi, kwenye nguo zilizotundikwa. Siku nyingine jiko likiwaka, unapanda tena.

Rwamgasa si jina geni katika habari hizi. Mwaka 2003 watafiti wa Mradi wa Zebaki Duniani, uliosimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, walikuja hapa kupima afya za watu, wakawalinganisha na watu wa Katoro wasiofanya kazi hiyo. Walioonekana kuathirika zaidi ni wachomaji wa donge: karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na dalili za sumu ya zebaki. Maziwa ya akina mama wa hapa nayo yalipimwa, na baadhi yakakutwa na zebaki. Haya yamechapishwa na yanasomwa ulimwenguni, na aghalabu wanaoyasoma wako mbali na jiko lenyewe. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi zikomeshe kuchoma donge la zebaki katika makazi ya watu. Mkataba huo umepewa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyochafuliwa na kiwanda.

Nimesikia watu wa hapa wakiogopa sato na sangara kwa sababu ya zebaki huku wakichomea ndani. Hofu hiyo imekosea mahali. Samaki wa Ziwa Victoria waliopimwa katika chunguzi za miaka hiyo, wengi wao walikuwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa kuliwa. Wa kutiliwa shaka ni kambale na perege wa madimbwi na vijito vinavyopokea maji ya mialo. Hao tusiwazoee, hasa kwa watoto na wajawazito. Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote iko chini ya paa letu. Kwa hiyo ninaomba hili liandikwe juu ya kila pishi la Rwamgasa: donge lisichomwe nyumbani wala karibu na jiko, lichomewe mbali na watu kwa kifaa cha kunasa mvuke, na chombo kilichogusa zebaki, iwe kikaango, kijiko, beseni au kitambaa, kisirudi jikoni kamwe. Hakuna sabuni wala jivu la kukisafisha. Mama aliyepewa kikaango cha aina hiyo akakikataa, asiitwe mbishi. Amemlinda mwanawe.

Sasa turudi kwenye chakula, maana nina mengi ya kukisifia.

Mapishi mengi ya Kiswahili yanayosambaa kwenye simu yanatoka pwani, na pwani ni nazi. Samaki wa nazi, maharage ya nazi, mchicha wa nazi, wali wa nazi. Nazi inapofika Rwamgasa imepanda lori safari ndefu, na bei yake inalisema hilo. Dada anayesoma pishi la Unguja anakata tamaa, au ananunua nazi moja kwa bei ya kitoweo cha siku nzima, ilhali nyumbani ana karanga. Karanga ndizo nazi ya Usukumani. Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, haipendezi bila karanga, kisamvu kadhalika, na maboga, na hata dagaa.

Ila hapa pana jambo la kulielewa, la sivyo kubadilishana kutaharibu chakula. Tui zito hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, ukikoroga; likichemka kwa fujo linakatika. Karanga zinataka kinyume chake. Karanga mbichi zilizosagwa zikitiwa mwishoni zitabaki na ladha ya ubichi na zitamsumbua mtu tumbo. Koroga kwanza unga wa karanga kwenye maji ya baridi mpaka madonge yaishe, utie mapema, na uache vichemke pamoja kwa dakika 20 au zaidi, ukikoroga mpaka chini kwa sababu karanga hushika sufuria. Utajua zimeiva kwa kutazama: povu jeupe la mwanzo hupotea, rangi inazama kidogo, na mafuta yanaanza kujitenga pembeni mwa sufuria. Mchuzi uliokuwa na harufu ya shamba unakuwa na harufu ya kukaanga. Kama karanga zako zimekaangwa kabla ya kusagwa, muda unapungua sana, ladha inakuwa nzito, na chumvi inahitajika kidogo. Hivyo ndivyo pishi la samaki wa nazi linavyogeuka kuwa sato wa karanga, nami naliona pishi kamili linalostahili jina lake. Lisihesabiwe kuwa la kufidia upungufu.

Karanga zichambuliwe. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, isisagwe na wenzake. Sumukuvu haiuawi na moto wa jikoni. Mwaka 2016 ilisababisha vifo Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga nazo huishika kirahisi.

Nilisema kila pishi limeacha kitu. Hilo haliwahusu waandishi wa mbali peke yao, linatuhusu na sisi, na mfano wake ni udaga.

Kanda ya Ziwa tunakula ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa ukakaushwa. Muhogo mchungu una kemikali ambayo ndani ya mwili hugeuka kuwa sianidi. Wazee wetu hawakuwa na jina hilo lakini walikuwa na dawa yake: kumenya, kuvundika kwa siku kadhaa mpaka muhogo ulainike, kukwangua ukungu, kuponda, kuanika mpaka ukauke kabisa. Kila hatua inaondoa sumu kiasi. Hakuna aliyeandika "siku kadhaa" ni ngapi, kwa sababu mtoto wa kike alikuwa akikaa karibu na bibi yake na kuona kwa macho na kugusa kwa vidole. Kisha ikaja njaa. Katika ukame wa katikati ya miaka ya 1980, huko Tarime, watu waliobaki na muhogo mchungu peke yake walifupisha siku ili wale upesi. Baadhi yao, hasa wanawake na watoto, waliamka miguu imekakamaa, na haikurudi tena. Ugonjwa huo unaitwa konzo, hauna tiba, na madaktari walioutafiti Tarime waliandika habari zake.

Rwamgasa ni mahali pa watu waliotoka kila upande. Yupo Msukuma, Mzinza, Mha, Mhaya, Mkurya, Mnyamwezi na Mchaga, na wengi wamekuja wakiwa vijana, bila bibi wa kuwaonyesha. Mtu aliyekulia mahindi au ndizi akinunua muhogo mbichi kwa bei rahisi, nani atamwambia kama ni mtamu au mchungu, na nani atamhesabia siku? Katika kijiji cha watu wa ukoo mmoja, kisichoandikwa kinaishi. Katika machimbo, kisichoandikwa kinapotea ndani ya kizazi kimoja.

Na pishi lililoandikwa vizuri linaweza kuokoa miguu ya watu. Mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury, alibuni njia rahisi ya kupunguza sumu katika unga wa muhogo uliokwisha kusagwa: unga unaloweshwa kwa maji, unatandazwa mwembamba, usifike kimo cha sentimita 1, unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili gesi itoke, kisha unasongwa siku hiyohiyo. Wanawake wa kijiji cha Kay Kalenge, Popokabaka, huko Kongo, kilichokuwa na wagonjwa wengi wa konzo, walifundishwa njia hiyo na wakaifuata. Katika kipindi chote cha ufuatiliaji hakutokea mgonjwa mpya. Tazameni lilivyo fupi: maji, kimo, saa, kivuli. Limeeleweka kwa sababu halikuacha kitu.

Kwa hiyo ninawasihi tuyaandike ya kwetu kwa namna hiyo. Mtanzania Miriam Rose Kinunda aliandika kitabu kiitwacho Taste of Tanzania, na kama jalada lake linavyosema, amewaandikia wapishi wa nchi za Magharibi mapishi ya Kiswahili ya kisasa. Mtu aliye Texas anaweza kupika chakula cha Kitanzania kwa kukifuata. Mimi nataka kijana aliyekuja Rwamgasa kutoka Kigoma aweze kupika nsansa vilevile. Michembe na matobolwa navyo viandikwe, na ielezwe tofauti yake: michembe ni viazi vitamu vibichi vilivyokatwa na kuanikwa, matobolwa vimechemshwa kwanza. Mpishi asiyejua atalowesha kimoja kama kingine, na vyote viwili vitamshinda.

Nitoe nsansa niwaonyeshe ninavyotaka iandikwe. Majani ya kunde yachumwe machanga, kabla ua halijatoka. Yaoshwe, yachemshwe kwa maji kidogo kwa dakika kama 5, yachujwe, yatandazwe kwenye ungo au kichanja safi. Yakianikwa penye kivuli na upepo, vitamini A inabaki zaidi kuliko juani. Yakauke mpaka yavunjike ukiyafikicha. Kwa watu wanne, chukua vikombe 2 vya nsansa kavu, ilowe kwa maji ya moto kwa muda wa kukatia kitunguu na nyanya, kisha ibandike na vikombe 4 vya maji. Ikishalainika, baada ya nusu saa hivi, koroga nusu kikombe cha karanga zilizosagwa kwenye maji ya baridi, tia pamoja na kitunguu 1 na nyanya 2, punguza moto, uache dakika 20 huku ukikoroga mpaka chini. Chumvi iwe ya mwisho. Kula na ugali wa udaga au wa mtama, na maziwa mgando pembeni kama yapo.

Najua wapo kina mama hapa watakaosema mimi nimekosea, kwao nsansa hutwangwa kwanza, au hutiwa magadi kidogo, au haitiwi nyanya kabisa. Hilo ndilo ninalolitaka. Semeni, na mseme kwa vikombe na dakika, na mtaje mnakotoka, maana nsansa ya Shinyanga na ya Sengerema zote ni nsansa halali na zote ziandikwe.

Vijana, simu mnazo, na mnazitumia vizuri kwa mapishi ya watu wengine. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034. Majiko yatabadilika, na pishi lililojulikana kwa moto wa mafiga litahitaji kupimwa upya kwenye gesi. Tukichelewa, tutakuwa na jiko jipya na hatuna cha kupika isipokuwa kilichoandikwa kwingine.

Basi majani ya kunde yakichipua msimu huu, kaa na mama yako, au na bibi, au na mama lishe anayewalisha pale duarani, umuulize: majani kiasi gani, maji kiasi gani, muda gani, unajuaje kama imeiva, na nini huwa kinaiharibu? Usikubali jibu la "kiasi tu". Mpe kile kikombe chenye alama, apime mbele yako, uandike. Kisha mtumie jirani aliyetoka mbali, na umwombe naye akuandikie la kwao.